Kumlipia mwingine kodi ya jengo hakukupi nyumba yake

Kuna imani ya miaka mingi Marekani, ambayo hata ndugu zetu wanaoishi huko huipokea: mwenye nyumba akishindwa kulipa kodi ya jengo, ukienda kaunti, yaani serikali ya eneo, ukamlipia, nyumba inakuwa yako. Si kweli. Ukimlipia tu, umemfutia deni, basi. Nyumba inabaki yake.

Imani hiyo huenda ilitokana na minada ya kodi, ambako huuzwa deni la kodi isiyolipwa au nyumba yenyewe. Katika majimbo kama Illinois, kinachouzwa mnadani ni haki ya kulidai deni, si nyumba. Mwenye nyumba hupewa muda wa kulilipa pamoja na nyongeza, na akilipa, mnunuzi hurudishiwa fedha zake. Texas huuza nyumba yenyewe, lakini mwenye nyumba aliyekuwa akiishi humo ana miaka 2 ya kuikomboa tangu hati ya mnunuzi isajiliwe.

Anayedaiwa naye asidhani kwamba nyumba ikienda, kila kitu kimekwenda. Bibi Geraldine Tyler wa Minnesota alidaiwa takriban dola 15,000, nyingi zikiwa riba na faini. Kaunti ya Hennepin iliuza nyumba yake dola 40,000 ikabaki na fedha zote. Mei 2023, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walimpa haki: serikali ichukue deni lake, ziada si mali yake. Kwangu, hilo lilichelewa mno.

Barua ya kaunti ikifika, ifungue siku hiyohiyo uulize kuhusu kulipa kwa awamu.