Je, watoto wenye kasoro za kuzaliwa wanaongezeka Lubumbashi?

Kuanzia Katuba mpaka Ruashi, mitaa ya mji wetu wa Lubumbashi huku Kongo, watu husema kwa sauti ya chini: zamani hatukuwa tunaona hivi. Mtoto huyu kazaliwa na mgongo wazi, yule na mdomo wa sungura, yaani uliopasuka, mwingine na kichwa kilichojaa maji. Anayeshtakiwa kwanza ni mama. Alikula nini? Alimkosea nani? Maneno hayo yanamuumiza mtu ambaye tayari ameumia, na swali lenyewe linabaki palepale: wanaongezeka kweli?

Hakuna mji duniani usiozaa watoto wenye kasoro. Marekani, ambako wanahesabu kwa makini, ni takriban mtoto 1 kati ya 33. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 6 kwa dunia nzima. Namba hizi zinategemea sana kile kinachohesabiwa. Kidole cha sita, ambacho kwetu Afrika si kitu cha ajabu, kiandikwe au kisiandikwe? Ukikiandika, namba inapanda. Tundu la moyo nalo halionekani kwa macho, linataka mashine ya ekografi. Hospitali ikiipata mashine hiyo mwaka huu, mwaka ujao daftari litaonyesha kasoro za moyo nyingi zaidi, ingawa matumboni mwa akina mama hakuna kilichobadilika.

Halafu kuna mambo ya bahati tu. Maternite, yaani wodi ya wazazi, inayozalisha watoto 100 kwa mwezi, kwa kipimo cha 1 kati ya 33, itarajie watoto watatu hivi. Lakini mwezi mmoja inaweza isipate hata mmoja, na mwezi mwingine ikapata sita. Mkunga aliyewapokea wale sita hatawasahau maisha yake yote, na ni haki yake. Ila kumbukumbu yake haiwezi kuwa kipimo, kwa sababu wale mamia waliozaliwa wazima hakuna anayewasimulia. Na mji unapojaa watu, watoto wote wanakuwa wengi, wenye kasoro wakiwamo.

Hata hivyo, kuna nyakati ongezeko huwa la kweli kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wajawazito katika nchi nyingi walimeza thalidomide kutuliza kichefuchefu. Watoto wapatao 10,000 walizaliwa na mikono au miguu mifupi isiyokamilika. Ujerumani iliiondoa dawa hiyo sokoni mwaka 1961, na wimbi hilo likakoma.

Kushuka kwa kweli nako kumeshuhudiwa. Mwaka 1991 jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Uingereza lilionyesha kwamba vitamini iitwayo asidi foliki, ikimezwa kabla ya mimba, iliepusha karibu robo tatu ya kasoro za mgongo na ubongo kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo. Tangu 1998 Marekani inalazimisha vitamini hiyo itiwe kwenye unga, na kasoro hizo zimepungua. Kabla ya mimba, nasema, kwa sababu mfereji unaozaa uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku hizo mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Maharage na mboga ya lengalenga vina vitamini hiyo, lakini moto mrefu wa sufuria huiharibu sehemu kubwa, kwa hiyo kidonge bado kinahitajika.

Sasa turudi nyumbani, kwenye ardhi ya shaba na kobalti. Kati ya 2013 na 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliwafuata watoto wachanga 138 wenye kasoro zinazoonekana, wakawalinganisha na wengine 108 waliozaliwa wazima mjini humuhumu. Matokeo yalitoka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health. Baba akiwa na kazi inayohusiana na migodi, uwezekano wa kasoro ulikuwa takriban mara tano na nusu. Kwa kuwa watoto walikuwa wachache, namba halisi ingeweza kuwa ndogo sana kuliko hiyo, au kubwa zaidi.

Kilichonigusa zaidi ni kingine. Metali katika miili ya akina mama wa pande zote mbili hazikutofautiana sana, na zilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kuwahi kupimwa kwa wajawazito popote. Pale ambapo kila mtu anavuta vumbi lilelile, ni vigumu kumpata asiyeguswa ili umlinganishe naye. Njia ya baba ilibaki dhana: pengine vumbi linaloingia nyumbani na nguo za kazi, pengine madhara kwenye mbegu zake.

Utafiti huo ulilinganisha familia na familia. Haukupima mwaka na mwaka, kwa hiyo hauwezi kusema kama wanaongezeka. Kwa swali hilo yanatakiwa madaftari ya maternite zote, yanayoandika kila mtoto aliyezaliwa, mzima na asiye mzima, kwa maneno yaleyale, mwaka hadi mwaka. Na karibu na jina la mama, ambaye ndiye huulizwa kila kitu, uwekwe mstari mmoja wa kazi ya baba.