Rufiji: Mafuriko Yaliyolisha na Mafuriko Yaliyonyima

Masika yakipamba moto na Rufiji ukafurika, habari zinazotufikia ni za ekari zilizozama na kaya zilizohamishwa. Hasara hiyo ni ya kweli na inauma. Lakini mkulima wa bondeni ana swali lake: maji yamekuja lini, na yataondoka lini?

Mto huu hukusanya maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, kisha huyatandaza kwenye bonde tambarare kabla ya kufika delta. Mpunga hupandwa kwa mvua za mwanzo, kati ya Novemba na Januari. Ukishapata kimo, maji ya Aprili huukuta umesimama imara, ukaendelea kurefuka nayo. Yakiwahi, miche inazama na kuoza. Yasipokuja kabisa, mpunga unakaukia shambani. Ndiyo maana njaa ya Rufiji ilikuwa na milango miwili, na huu wa mto kutofurika husahaulika sana.

Halafu kuna mlau, kilimo ambacho naona hakijapewa heshima yake. Maji yakianza kushuka, mkulima huyafuata nyumanyuma. Hutoboa tope kwa mti, hudondosha punje za mahindi, kunde au mbegu za maboga, hufukia kwa unyayo, husogea mbele. Hangojei mvua. Mizizi hunywa unyevu uliobaki chini, na mbolea ni lile tope lililoletwa na mto. Kwa hiyo mafuriko yaliyoua mpunga Aprili yaliweza kuilisha familia ileile miezi michache baadaye. Yaliyajaza pia mabwawa ya pembeni, na samaki wakapatikana.

Si kila njaa iliyopita huku ililetwa na mto. Wakati wa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma maghala na mashamba kusini mwa nchi, na watu wengi mno wakafa kwa njaa.

Mwaka 1968 yalikuja mafuriko makubwa, na Serikali ikawahamisha wakazi wa bondeni kwenda kwenye miinuko, katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa kuwaokoa na maji na kuwasogezea shule na zahanati. Shamba, hata hivyo, lilibaki bondeni. Zamani mtu alilala humohumo kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, maji yakipita chini, naye akiwinga ndege na kufukuza nguruwe na nyani. Alipohamia mbali, ilibidi achague: alinde mpunga au akae na watoto wanaosoma. Zao lisilolindwa huko ni la nguruwe.

Tangu Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere linahifadhi maji ya mto huu. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama tena, mjadala ukawa ni wingi wa maji. Mimi naomba tujadili pia tarehe. Bwawa linaweza kupunguza kishindo cha mafuriko, lakini tope linalotuama nyuma ya ukuta halifiki kwenye mlau, na maji yakifunguliwa kwa kufuata mahitaji ya umeme peke yake yanaweza kumkuta mkulima na miche ya wiki mbili. Wazee wa Utete na Mohoro wanaijua kalenda ya mpunga na ya mlau. Waketi na wanaopanga ufunguaji wa maji, na ratiba ifike vijijini kabla ya Novemba, mbegu zikiwa bado ndani.