Friji yenye nyuzi 85, na mambo mengine ya kirekodi joto chetu

Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo tu, friji ya chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, sasa tunataka kiboksi kinachosoma joto kila dakika tano na kuandika kwenye memori kadi, basi. Tulikuwa watatu, mi programu, wa pili mambo ya waya na solda, wa tatu kazi yake kutuharibia. Ndio, kuharibu! Anachomoa waya, anazima umeme, anatoa kadi kiboksi kikiwa kinaandika, na kama timu yenu haina mtu wa hivyo mtafuteni kabla hata hamjanunua sensa (kile kidude cha kupima joto, sio ile ya kuhesabu watu).

Yetu ilikuwa DS18B20, ile ya kuzamisha. Tukaitia kwenye bakuli la maji na barafu iliyopondwa, ambayo ni nyuzi 0, ikasoma 0.3, safi, maana inaruhusiwa kupishana nusu nyuzi. Tukashangilia. Jamaa akazima umeme akawasha, kufungua faili tunakuta friji ina 85, yani humo hata yai linaiva! Kumbe 85 ndo namba ambayo chipu inaamka nayo mpaka imalize kupima mara ya kwanza, na kwa biti 12 (yani ikipima kwa umakini wake wote) kupima kunachukua hadi milisekunde 750, sa mi kwa haraka zangu nilikuwa nimeiambia programu isisubiri. Waya ukichomoka nako maktaba ya Arduino (yani kodi iliyoandikwa tayari ya kusomea sensa kwenye kibodi chetu kidogo cha kompyuta) inakupa -127. Hatukuzifuta hizo, tunaandika KOSA na saa yake, ukifuta unakuwa umeficha kwamba umeme ulikatika.

Ila iliyotutesa ni saa. Mwenzetu wa waya alikuwa anasoma kipimajoto cha kawaida anaandika daftarini ili tulinganishe, nikichora grafu friji inapanda joto kwenye daftari halafu kwenye kadi inapanda masaa sita baadae. Siku mbili nzima nahangaika, nimebadilisha betri ya chipu ya saa, nimebadilisha rizista, nimeandika upya nusu ya programu. Kumbe daftari linasema 2:00 na kiboksi kinasema 08:00, na wote wako sahihi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Saa mbili asubuhi ni saa mbili kaka, we ulitaka niandike saa nane?"

Sa hivi daftari tunaliprinti na masaa yake kabisa, 08:00, 08:30, yeye anajaza joto tu.