Sheria Zilivyomtoa Mchezaji Mrefu Chini ya Kikapu

Novemba 22, 1950, katika NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers pointi 19 kwa 18. Hayo ni matokeo ya mechi nzima, si ya robo moja. Lakers walikuwa na George Mikan, centa, yaani mchezaji mrefu wa ndani, wa futi 6 na inchi 10 aliyekuwa hazuiliki karibu na kikapu, na Pistons wakaona dawa yake ni kukaa na mpira. Waliushika, wakapasiana taratibu na kungoja tu, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha kutupa. Mikan peke yake alifunga 15 kati ya zile 18.

Mimi ni kocha, na vijana wangu wanaponiuliza kwa nini NBA ya leo haifanani na ile ya Michael Jordan, huwa naanzia kwenye mechi hiyo. Wengi wanaamini kwamba wachezaji wa sasa ni laini, hawataki kugombania mpira ndani. Sikubaliani nao. Kila mtindo mpya ninaoujua ulitanguliwa na sheria mpya, au na watu waliopiga hesabu vizuri zaidi juu ya sheria iliyokuwepo. Na hakuna aliyeyumbishwa na sheria hizo kama mchezaji mrefu.

Mikan alisababisha eneo la sekunde tatu, lile la mbele ya kikapu ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya muda huo, lipanuliwe mwaka 1951, kutoka futi 6 hadi futi 12, ili asiweze kupiga kambi chini ya kikapu. Mwaka 1954 ikaja saa ya sekunde 24, muda ambao timu yenye mpira lazima iwe imetupa. Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, alikuwa ameona kwamba mechi nzuri huwa na mitupo kama 120 ya timu zote mbili. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24. Katika msimu mmoja wastani wa kila timu ulipanda kutoka pointi 79 hivi hadi 93. Miaka michache baadaye centa Wilt Chamberlain akafunga pointi 100 peke yake dhidi ya New York Knicks, Machi 2, 1962, na mwaka 1964 eneo likapanuliwa tena, sasa futi 16.

Mstari wa pointi tatu uliingia NBA msimu wa 1979/80, ukitokea ligi pinzani ya ABA, na kwa miaka mingi makocha waliuchukulia kama pambo. Msimu huo wa kwanza kila timu ilijaribu mitupo isiyofika mitatu kwa mechi. Hesabu ilikuwa wazi tangu siku ile: anayepata asilimia 35 ya mitupo ya tatu anakupa pointi 1.05 kwa kila mtupo, na anayepata asilimia 40 ya mitupo ya mbali ya pointi mbili anakupa 0.8. Lakini sheria nyingine bado zilimpendelea mrefu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka.

Hapa ndipo watazamaji wengi hupitwa. Katika miaka ya 1990 NBA ilikuwa imepiga marufuku ulinzi wa zoni, yaani kulinda eneo badala ya kumlinda mtu. Kila mlinzi alipaswa kuwa karibu na mtu wake, au aende wazi kabisa kumsaidia mwenzake kumkaba mwenye mpira. Makocha wakatumia mwanya huo: wanawapeleka wachezaji watatu upande mmoja, na walinzi wao wanalazimika kuwafuata. Upande wa pili anabaki centa kama Hakeem Olajuwon au Shaquille O'Neal na mlinzi mmoja mgongoni. Ule ubabe wa ndani tunaoukumbuka ulikuwa wa kweli, na hatua za miguu za Olajuwon ni kitu ninachowaonyesha vijana hadi leo, lakini nafasi yenyewe ilitengenezwa na sheria.

Msimu wa 2001/02 zoni ikaruhusiwa. Sasa mlinzi mmoja angeweza kusimama mbele ya centa na mwingine nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Miaka mitatu baadaye waamuzi wakaagizwa kuwa wakali kwa mlinzi yeyote anayemwekea mkono gadi, mchezaji mwepesi anayeendesha mpira, huko nje. Zisome sheria hizi mbili pamoja: mlango wa ndani ulifungwa, wa nje ukafunguliwa. Phoenix Suns ya kocha Mike D'Antoni na gadi Steve Nash iliuona mara moja, ikashinda mechi 62 msimu wa 2004/05 kwa kukimbia na kutupa mapema, saa ya sekunde 24 ikiwa bado mbichi.

Kisha ukaja usiku wa kuchagua wachezaji wapya wa mwaka 2009, na hapa Watanzania tunahusika. Memphis Grizzlies, wakiwa na nafasi ya pili, walimchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, mzuiaji mitupo hodari kutoka Chuo Kikuu cha Connecticut. James Harden alichaguliwa wa tatu. Stephen Curry, wa saba. Wote wawili baadaye wakawa nyota wakubwa. Wapo wanaoitaja orodha hiyo kwa kejeli, na hunisikitisha. Kwa vipimo ambavyo ligi ilikuwa imevitumia tangu enzi za Mikan, kumchagua Thabeet mapema hakukuwa na ajabu. Sisemi mtindo ndio sababu pekee ya safari yake kuwa fupi, ila aliingia wakati ambapo kazi aliyoandaliwa ilikuwa inabadilishwa.

Tazama alichofanyiwa centa wa aina ile. Mchezaji mwenza wa Curry anaweka skrini, yaani anasimama kumzibia njia mlinzi wa Curry, nje ya mstari wa pointi tatu. Mlinzi mrefu akibaki ndani, Curry anatupa bila bughudha. Akitoka kumfuata, anabaki peke yake na gadi mwepesi huku kikapu nyuma yake kikiwa wazi. Hakuna jibu zuri, na Golden State Warriors waliuliza swali hilo hilo usiku baada ya usiku. Katika fainali ya 2015 walimwanzisha Andre Iguodala badala ya centa wao Andrew Bogut kuanzia mechi ya nne, wakachukua ubingwa. Msimu uliofuata Curry alifunga mitupo 402 ya pointi tatu.

Basi warefu wamekwisha? La, wamehama. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni centa Brook Lopez. Katika misimu yake minane ya kwanza alifunga mitupo mitatu tu ya pointi tatu. Msimu wa tisa, 2016/17, alifunga 134. Urefu ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali alipoambiwa asimame. Naye Nikola Jokić, centa, msimu wa 2024/25 alikuwa na wastani wa pasi za mwisho zaidi ya 10 kwa mechi, kazi iliyokuwa ya gadi. Chamberlain au Olajuwon angezaliwa leo, angefundishwa hayo tangu utotoni, na sioni kwa nini angeshindwa.

Makocha wenzangu wanaoiga NBA moja kwa moja wazingatie jambo moja. Ligi zetu, pamoja na BAL, ligi ya kikapu ya Afrika iliyoanzia Kigali mwaka 2021, huchezwa kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, karibu zaidi kuliko wa NBA, ambao mbele ya kikapu uko mita 7.24. Mlinzi wa FIBA, tofauti na wa NBA, hana kikomo cha sekunde tatu ndani ya eneo lake, kwa hiyo centa anapolinda anaweza kusimama chini ya kikapu mechi nzima, na mpira ukishagusa ringi anaruhusiwa kuupiga utoke hata ukiwa juu ya ringi hiyo. Kwa sheria hizo, kijana wa futi 7 anayejua kuzuia bado ana kazi kubwa ndani. Mimi humfundisha kutupa kutoka nje kwanza kwa sababu hilo huchukua miaka. Kusimama chini ya kikapu atajifunza kwa msimu mmoja.