Kwanini mi bado namkumbuka John Young

Ukitaja mwanaanga yeyote wa Marekani wa zamani, watu wanauliza alifika mwezini au hakufika. John Young alifika, tena akaendesha na gari kule, lakini mi kazi yangu ni matengenezo ya ndege na hicho sio kitu cha kwanza kunijia nikisikia jina lake. Kinachonijia ni tarehe 14 Aprili 1981, jamaa ana miaka 50, kashuka ngazi za chombo cha anga kinaitwa Columbia pale jangwani California, hatulii, anapita haraka haraka chini ya tumbo la chombo, anakagua matairi, anakagua vigae vya kukinga joto, anarusha ngumi hewani kwa furaha. Yaani katoka angani sasa hivi na bado anafanya ukaguzi!

Kwa wasiomjua, alizaliwa San Francisco 1930, akakulia Orlando, akasomea uinjinia wa ndege Georgia Tech, akaingia jeshi la majini akawa rubani wa majaribio, halafu 1962 NASA, shirika la anga la Marekani, wakamchukua. Alienda angani mara sita. Gemini 3 mwaka 1965 na Gus Grissom, hapo ndo aliingiza sandwichi ya nyama kimya kimya mpaka wabunge wakaja juu. Gemini 10 mwaka uliofuata. Apollo 10 mwaka 1969, akabaki peke yake anauzunguka mwezi wenzake wawili wakiwa wameshuka karibu na uso wake kufanya majaribio. Halafu Apollo 16, Aprili 1972, na hii lazima niisemee kidogo.

Yeye na Charles Duke walitua sehemu ya milima inaitwa Descartes. Wataalamu wa miamba waliwatuma kule wakiamini watakuta mawe ya volkano, wao wakawa wanaokota na kuangalia, wanaona sio, ni mawe yaliyopondwa na vimondo yakagandana upya, na wakasema hivyo hivyo kwenye redio bila kuzunguka. Walirudi na kilo 95 hivi za mawe na mtazamo wa wanasayansi kuhusu ile milima ukabidi ubadilike. Wakiwa kule kule juu wakapewa habari kwamba bunge la Marekani limepitisha hela za shato, kile chombo cha kupaa kama roketi na kutua kama ndege, na Young akajibu palepale kwamba nchi inakihitaji sana, mtaona. Miaka tisa baadae nani kapewa kukirusha mara ya kwanza? Ni yeye.

Sasa hapa ndo naomba mnisikilize vizuri. Vyombo vyote vya Marekani vilivyobeba watu kabla ya hapo vilijaribiwa kwanza vikiwa vitupu. Columbia, ambayo ndo hiyo shato ya kwanza, hapana, mara ya kwanza kabisa kwenda angani ilikuwa tarehe 12 Aprili 1981 na ndani kuna Young na Bob Crippen, wamekalia viti vya kujirusha kama vya ndege za kivita. Roketi mbili za pembeni zilipowaka, wimbi la mgandamizo wa hewa liligonga chini likarudi juu na kupiga lile bapa kubwa lililoko nyuma kabisa chini ya injini, ambalo wakati wa kurudi linasaidia kuweka pua ya chombo kwenye mkao sahihi. Bapa likasukumwa kupita kiwango ambacho mainjinia walihesabu kwamba haidroliki zake, yaani mfumo wa mafuta ya presha unaolisogeza, zingeweza kuharibika. Wale wawili hawakujua chochote. Young alikuja kusema baadae kwamba angejua, angepanda mpaka kimo salama halafu wajirushe, Columbia iende ikaanguke.

Marekebisho yake kwa kweli mi huwa nayapenda sana kwa sababu ni maji tu. Kabla ya safari ya pili wakaweka mfumo wa kumwaga maji mengi kwenye moto wa zile roketi pale chini, na mifuko ya maji ikatandazwa juu ya matundu ya kutolea moshi, basi lile wimbi likapungua nguvu.

Safari yake ya mwisho, Columbia tena, Novemba mpaka Desemba 1983, ilimfanya awe mtu wa kwanza kwenda angani mara sita. Wakijiandaa kurudi, kompyuta moja ya kuongozea chombo ikazima, dakika chache mbele ya pili nayo ikazima. Young hakukurupuka, kutua kukasogezwa mbele masaa kama nane wakichunguza tatizo. Baada ya hapo walivyotua mambo yakaonekana sawa, kumbe nyuma kule kuna moto. Shato ilikuwa na mitambo mitatu midogo ya kuendesha haidroliki, inatumia hydrazine, mafuta hatari kweli kweli, na miwili ilivuja ikawaka. Mtu wa ndege akisikia hivyo anajua maana yake, haidroliki zikiondoka zote hamna cha usukani, hamna chochote, na shato haina injini ya kuzungukia ujaribu tena.

Kwahiyo alivyoandika memo kuhusu usalama alikuwa anajua anachosema. Alikuwa mkuu wa wanaanga toka 1974, na memo zake zilikuwa nyingi, breki, matairi, kila kitu alichoona hakijakaa sawa. Baada ya shato nyingine, Challenger, kulipuka Januari 1986 na watu saba kufa, aliandika kwa ukali kwamba presha ya kukimbiza ratiba inaachwa ishinde usalama. Memo zikafika kwenye magazeti. Mwaka 1987 akatolewa kwenye ukuu wa wanaanga akapewa cheo cha msaidizi maalum wa mambo ya uinjinia na usalama, na wengi waliona ni adhabu. Mi naona hivyo pia, na inaniuma, kwa sababu ukimuondoa anayesema ukweli mbele za watu, fundi wa chini ndo anajifunza kufunga mdomo.

Yeye hakufunga. Aliendelea kuandika miaka yote, alikuwepo bado kazini Columbia ilipovunjika hewani Februari 2003 na wengine saba wakafa, akaja kustaafu tarehe 31 Desemba 2004, miaka 42 NASA. Hata baada ya kustaafu, miaka kadhaa alikuwa bado anakuja Houston kwenye kikao cha wanaanga cha kila Jumatatu asubuhi, anakaa na vijana. Nimonia ndo ilimchukua, Januari 5, 2018, akiwa na miaka 87.