Tundu la Chini, Bwawa la Solai na Mpira wa Challenger: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Ukitoboa chupa matundu matatu, maji ya tundu la chini huruka mbali kuliko yote.

Ukweli: Inategemea umeiweka wapi. Chukua chupa ya soda ya lita 2, uitoboe kwa msumari uliopashwa moto (kazi ya mtu mzima) kwenye sentimita 5, 12 na 20 kutoka kitako. Yapishanishe matundu kidogo ili michirizi isigongane. Ziba kwa selotepu, jaza hadi sentimita 27, kisha uondoe kifuniko na ubandue selotepu. Ukikiacha, hewa itaingilia tundu la juu na kuvuruga kila kitu. Chupa ikiwa sakafuni, tundu la katikati ndilo linaloshinda, na mtoto atashuku kitabu. La chini hutoa maji kwa kasi kubwa zaidi, ila yanagusa sakafu mapema mno. Iweke ukingoni mwa kiti cha sentimita 50, urudie: sasa la chini linashinda.

Dhana: Maji mengi husukuma zaidi.

Ukweli: Kinachohesabika ni kina. Kila mita ya kina huongeza takriban kilopaskali 10 (kipimo cha shinikizo), iwe kisimani au Ziwa Victoria.

Dhana: Mpira wowote ukitumbukizwa kwenye barafu utaonyesha kosa la Challenger, chombo cha anga cha Marekani kilichosambaratika kikipaa.

Ukweli: Mwaka 1986 mwanafizikia Richard Feynman alibana kwa klampu kipande cha mpira wa aina iliyoziba viungo vya roketi za chombo hicho. Kilipotoka kwenye maji ya barafu na kuachiliwa, kilichelewa kurudia umbo lake. Rababendi ya kawaida hubaki laini hata kwenye nyuzi sifuri, kwa hiyo usijisumbue nayo.

Dhana: Bwawa la udongo hubomoka kwa kusukumwa likaanguka. Watoto wa Nakuru wakisikia habari za bwawa la Solai lililobomoka 9 Mei 2018, wengi huwaza hivyo.

Ukweli: Kwa kawaida mabwawa ya aina hii huliwa: maji hupita juu ya ukuta, au hupenya ndani na kuondoka na udongo. Ndani ya karai, jenga ukuta wa sentimita 10. Mchanga mtupu utamomonyoka kitakoni kabla maji hayajafika juu, basi changanya sehemu mbili za mchanga na moja ya udongo wa mfinyanzi. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, unafaa pia, mradi usikauke ukapasuka nyufa. Mwaga maji kikombe kwa kikombe upande mmoja. Yakifurika, tazameni kijifereji cha upana wa kidole kinavyozidi kuchimbika hadi ukuta wote uende. Jenga tena, safari hii upitishe mrija wa kutolea maji ya ziada sentimita 2 chini ya kilele. Ukimwaga polepole, ukuta unasimama. Kisha mpe mtoto jagi amwage lote kwa mkupuo, aone mrija ukizidiwa.