Get si pata

Juzi mstari mmoja wa manukuu ya filamu, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, ulinikalisha kuliko nilivyotaraji. Mhusika anamwambia mwenzake: "Get in, get the bag and get out before you get caught." Get nne kwa pumzi moja. Kazini kwetu mstari haupaswi kuzidi herufi 42, nafasi zikiwemo. Nikaandika "Ingia, chukua begi, toka kabla hujakamatwa." Kompyuta ikahesabu 43. Nikaitoa chukua, nikaweka beba, ikawa 41, nikapumua. Sasa itazameni tafsiri hiyo: pata haimo hata mara moja.

Kwenye rasimu za watafsiri wachanga ninazozipitia, pata ndiyo ninayoikata zaidi. Shuleni tuliambiwa get ni kupata, tukaridhika. Ndipo mtu anaandika "kunapata baridi" pale ambapo sote tunasema baridi inaingia. Au "nilipata kufukuzwa kazi", sentensi ambayo bibi yangu angeisikia kama majigambo: kwamba mimi bwana, katika maisha yangu, nimewahi kufukuzwa!

Get ni kitenzi cha kuhama. Kinakutoa hali moja kukuingiza nyingine, na neno linalofuata ndilo linalosema umefikia wapi. Kikifuatwa na kitu, umekipata au umekichukua. Kikifuatwa na mahali, umefika. Kikifuatwa na sifa, umegeuka. Kiswahili hakihitaji dereva huyo, kwa kuwa safari yote imo ndani ya kitenzi: get angry ni kukasirika, get rich ni kutajirika, get tired ni kuchoka tu. Penye kutendwa tuna -wa yetu. Ila hapo pana tofauti ndogo: "he was fired" ni habari, "he got fired" ina harufu ya balaa, na pengine alijitakia.

Mtego mkubwa kwangu ni get married. "My cousin got married." Alioa au aliolewa? Kiingereza hakisemi, tena cousin naye hajulikani ni wa kike au wa kiume. Nimewahi kuruka dakika 20 za filamu nikimtafuta huyo binamu nimwone sura, ndipo nikarudi kuandika neno moja.

Asili yake nayo ina utamu. Get tunayoisikia leo ililetwa na Waviking, wale mabaharia wa Skandinavia walioivamia Lindisfarne, kisiwa cha Uingereza, mwaka 793, kisha wengine wakalowea kaskazini na mashariki ya Uingereza. Kwao ilikuwa geta. Wenyeji walikuwa na ndugu yake, gietan, lakini huyo alizoea kutembea na kiambishi mbele, na g yake ilitamkwa kama y ya yai. G ngumu ya sasa ni ya wageni. Yai lenyewe, kwa Kiingereza egg, lina kisa hicho hicho, maana nalo ni neno la wageni hao: William Caxton, aliyeleta uchapaji Uingereza, alisimulia mwaka 1490 juu ya mfanyabiashara aliyeshuka melini akaomba "egges", na mama mwenye nyumba akamjibu kuwa yeye hajui Kifaransa. Mama yule aliyajua mayai kwa jina la "eyren".

Gietan hakufa, amejificha ndani ya forget. For- ya kale ilibeba maana ya kupoteza, kwa hiyo kusahau ni kuachia ulichokuwa umekishika. Mzizi wa mbali kabisa ni huo wa kushika, na huko huko ndiko Kilatini kilikotoa prehendere, kukamata, iliyozaa comprehend, kuelewa. Nasi si tunasema mwanafunzi ameshika somo?

Gotten ya Wamarekani si kosa, ingawa Waingereza huicheka. Ni umbo la zamani ambalo wahamiaji waliondoka nalo, na waliobaki nyumbani wakaliacha. Kwa Mmarekani "I've got a car" ni ninalo gari. "I've gotten a car" ni nimelipata.

Pata yetu nayo ina njia zake ambazo get haizijui. Kisu kinapata, yaani kikali. Yapata saa mbili, yaani kama saa mbili hivi. Umepatia, yaani hukukosea. Zinapokutana ni kwenye "nimekupata" ya simuni, kwa maana ya nimekuelewa. Nashuku Kiingereza kina mkono wake hapo, lakini neno limekaa vizuri na sina ugomvi nalo.

Filamu ile iliishia juu ya paa. Mmoja ananing'inia, mwenzake amemdaka mkono, anamwambia "I've got you." Nikaandika "Nimekushika." Herufi 12, nukta ikiwemo.